Taketomi, kisiwa kidogo cha Japani kilichokataa kuuzwa

Alfajiri, kabla boti ya kwanza ya wageni haijatia nanga, wenyeji wa kijiji kilicho katikati ya kisiwa cha Taketomi hutoka na mafagio na kufagia njia zinazopita mbele ya nyumba zao. Njia hizo hazina lami. Zimetandazwa mchanga mweupe wa matumbawe, na fagio huacha juu yake mistari iliyonyooka kama ya jembe shambani. Saa chache baadaye mistari hiyo huwa imekwisha kufutwa na magurudumu ya baiskeli, kwato za nyati na nyayo za watalii. Mgeni anayefika saa nne asubuhi hupiga picha za kijiji safi na kwenda zake, pengine bila kujua kwamba usafi huo ni kazi ya mikono ya watu, na kwamba kazi hiyo ilitangulia kuwapo kabla ya utalii.

Taketomi ni miongoni mwa visiwa vya Yaeyama, katika mkoa wa Okinawa, kusini-magharibi kabisa mwa Japani. Eneo lake ni kilomita za mraba 5.4 hivi, na mtu mwenye baiskeli anaweza kukizunguka kwa muda wa asubuhi moja. Kutoka Tokyo ni karibu kilomita 2,000, ilhali pwani ya Taiwan iko umbali usiofika kilomita 300. Wakazi wake hawazidi 400. Hata hivyo, kabla ya janga la UVIKO-19, idadi ya wageni waliokanyaga kisiwa hicho ilikuwa ikikaribia nusu milioni kwa mwaka. Hesabu hiyo ndiyo kiini cha habari za Taketomi: watu mia chache wanaoishi juu ya kipande cha matumbawe wanawezaje kupokea umati wa namna hiyo, mwaka baada ya mwaka, pasipo kisiwa kuwaponyoka?

Njia ya kufika si ngumu. Msafiri huruka kutoka Tokyo, Osaka au Naha hadi kisiwa cha Ishigaki, ambacho uwanja wake mpya wa ndege ulifunguliwa mwaka 2013. Kutoka uwanjani hupanda basi hadi bandari ya mjini, na hapo hukuta boti za mwendo kasi ziendazo visiwa vyote vya jirani. Safari ya Taketomi huchukua dakika 10 hadi 15. Boti hupita juu ya maji yanayobadilika rangi kutoka samawati iliyokolea hadi kijani kibichi, na kwa kuwa kisiwa hakina mlima wala kilima cha maana, huonekana kama mstari mwembamba wa miti juu ya bahari hadi boti inapokuwa karibu kabisa na gati.

Kijiji cha mawe na vigae

Wakazi wote huishi katika vitongoji vitatu vilivyo katikati ya kisiwa, mbali kidogo na ufuo. Nyumba ni za mbao, za ghorofa moja, zimeezekwa vigae vyekundu vilivyoshikanishwa kwa chokaa nyeupe, na paa zake huinamia chini kana kwamba zinaukwepa upepo. Ndivyo ilivyo hasa, kwa maana Yaeyama iko katika njia ya vimbunga. Kila uwanja umezungukwa na ukuta wa mawe ya matumbawe. Mtu aliyekulia Lamu au Unguja atalitambua jiwe hilo mara moja, ila hapa halikutiwa chokaa. Mawe yamepangwa tu, moja juu ya jingine, na upepo hupenya katika nafasi zilizo katikati yake badala ya kuusukuma ukuta mzima.

Ndani ya lango husimama ukuta mwingine mfupi unaoikinga nyumba isionekane kutoka njiani. Juu ya paa huketi simba wa udongo, aitwaye shisa, ambaye kazi yake ni kufukuza mabaya. Hakuna simba wawili wanaofanana, kwa sababu kwa desturi waliundwa na mafundi wa paa kwa vipande vya vigae na chokaa iliyobaki. Wengine wana hasira, wengine wanacheka. Njia nazo hazikunyooka. Hukunja ghafla au kuishia kwenye ukuta, kwani wazee waliamini kwamba pepo mbaya huenda moja kwa moja na hajui kukata kona. Katika viingilio vya kijiji kuna duara la mawe lenye mti katikati, lililowekwa ili maradhi yasiingie.

Mchanga mweupe wa njiani una faida iliyo wazi zaidi. Usiku huakisi mwanga wa mbalamwezi, na nyoka mwenye sumu aitwaye habu huonekana kabla hajakanyagwa.

Vigae vyekundu si vya kale kama vinavyodhaniwa. Zama za ufalme wa Ryukyu, ambao ulitawala visiwa hivi kabla Japani haijavitwaa rasmi mwaka 1879, raia wa kawaida hawakuruhusiwa kuezeka vigae. Nyumba zao zilikuwa za nyasi. Nyumba ya zamani ya ukoo wa Yonaguni, iliyojengwa mwaka 1913, ni ushahidi wa kizazi cha kwanza kilichopata ruhusa na uwezo wa kubadilisha paa. Mwaka 2007 serikali iliiweka katika orodha ya mali muhimu za kitamaduni za taifa.

Nyuma ya uzuri huo kuna historia nzito. Kuanzia mwaka 1637 hadi mwaka 1903, watu wazima wa Yaeyama walitozwa kodi ya kichwa: wanaume walilipa nafaka, wanawake walilipa nguo walizofuma. Taketomi ni mwamba wa matumbawe usiohifadhi maji wala kustawisha mpunga, kwa hiyo wanaume walivuka bahari kwa mitumbwi hadi kisiwa kikubwa cha Iriomote, wakalima huko huku wakijua kwamba malaria inawasubiri. Ufumaji wa wanawake umebaki hadi leo. Kitambaa maarufu cha kisiwani, kiitwacho minsa, hapo zamani kilikuwa mshipi ambao mwanamke alimpa mwanamume aliyempenda, na nakshi yake ni vijiraba vitano vikifuatwa na vinne. Kwa Kijapani matamshi ya tano na nne yakiunganishwa hukaribia maneno yenye maana ya “hata milele”.

Wageni wengi hukizunguka kijiji katika mkokoteni unaokokotwa na nyati wa Asia, wale wanaofugwa kwa kulima majaruba ya mpunga. Mnyama huyu naye ni mgeni aliyelowea: aliletwa Ishigaki katika miaka ya 1930 na wakulima wahamiaji kutoka Taiwan, ambao pia walipanua kilimo cha mananasi. Nyati hutembea polepole mno. Kwa kawaida kona za kijiji anazijua mwenyewe, na mwendeshaji hupata nafasi ya kuchukua sanshin, ala ya nyuzi tatu iliyowambwa ngozi ya nyoka, na kuimba “Asadoya Yunta”. Wimbo huo unajulikana Japani nzima kwa maneno ya Kijapani yaliyotungiwa sahani ya santuri mwaka 1934, yenye kuchombeza mapenzi. Kisiwani maneno ni mengine. Humsimulia Kuyama, binti mrembo wa Taketomi wa karne ya 18, aliyetakwa na ofisa wa serikali na akamkataa. Watu walioonewa kwa kodi ya kichwa walikuwa na sababu ya kuupenda wimbo wa namna hiyo.

Ardhi isiyouzwa

Baada ya Vita Vikuu vya Pili Okinawa ilikuwa chini ya utawala wa Marekani, na ilirudishwa Japani tarehe 15 Mei 1972. Mwaka mmoja kabla ya hapo, Yaeyama ilipigwa na ukame wa miezi mingi, kisha kimbunga. Mazao yalikauka, ng’ombe walikufa. Wakati huohuo mawakala wa makampuni ya Japani bara, wakitazamia kwamba mpaka utafunguka na utalii utakuja, walifika visiwani wakinunua ardhi kwa bei ambayo kwa mkulima aliyefilisika ilionekana kubwa. Wapo wa Taketomi waliouza. Hakuna wa kuwalaumu, maana vijana walikuwa tayari wamehamia Ishigaki na Okinawa kutafuta kazi, na ilidhaniwa kwamba kisiwa kitabaki na wazee peke yao.

Wengine walikataa. Walipata faraja kutoka mbali: katika mji wa Tsumago, uliomo milimani katika mkoa wa Nagano, wakazi walikuwa wameweka mkataba mwaka 1971 wa kutouza, kutokodisha wala kubomoa nyumba zao za kale. Wenyeji wa Taketomi walijadiliana kwa miaka, na mwezi Machi 1986 mkutano wa wakazi ukaidhinisha Katiba ya Kisiwa cha Taketomi. Ina nguzo tano: kutouza ardhi na nyumba kwa watu wa nje, kutochafua bahari na kijiji, kutovuruga maadili na utulivu, kutobomoa nyumba na mandhari, na kuzitumia mila ili ziendelee kuishi. Mwaka uliofuata serikali ya taifa ilitangaza kijiji kuwa eneo la kuhifadhiwa kwa ajili ya majengo yake ya jadi. Tangu hapo anayetaka kujenga au kukarabati hupeleka mchoro wake mbele ya kamati ya kijiji kabla ya kuanza.

Nguzo ya tano ndiyo iliyo ngumu kuliko zote. Kukataa kuuza ni neno moja. Kuishi kwa kile ambacho hukukiuza ni kazi ya kila siku. Watu wa Taketomi wana neno la lugha yao, utsugumi, lenye maana ya kushikamana na kusaidiana, na hulitaja kila wanapoelezwa kuwa uamuzi fulani hauna faida ya haraka. Pamoja na hayo ingekuwa kosa kusema kwamba wamekuwa na sauti moja siku zote. Hoteli ya kifahari iliyofunguliwa mwaka 2012 upande wa mashariki, ikiwa na nyumba ndogondogo zenye vigae vyekundu na kuta za matumbawe kama za kijijini, iligawa maoni. Wapo walioiona kuwa njia ya kuiokoa ardhi iliyokuwa imenunuliwa tangu zamani isiangukie mikono mibaya zaidi, na wapo walioiona kuwa mlango uliofunguliwa. Mpango wa kampuni nyingine wa kujenga hoteli karibu na ufuo wa Kondoi, uliokuja baadaye, ulikutana na upinzani mkali zaidi wa wakazi. Hoja moja kubwa ilikuwa maji. Hapo zamani kisiwa kilitegemea visima na maji ya mvua. Tangu miaka ya 1970 maji ya bomba huja kutoka Ishigaki kwa njia iliyolazwa chini ya bahari, na kila chumba cha hoteli kinachoongezwa huongeza mdomo kwenye bomba hilo.

Mwezi Septemba 2019 Taketomi ilianza kuwaomba wageni ada ya kuingia kisiwani, yen 300 kwa kila mtu, kwa mujibu wa sheria ya taifa inayoruhusu maeneo kutoza ada ya kulinda mazingira. Kilikuwa cha kwanza nchini Japani kutoza ada ya kuingia kisiwani kwa sheria hiyo. Fedha hizo zimekusudiwa kusafisha fukwe, kutunza mimea na viumbe vya kisiwa, na kuinunua tena ardhi iliyokwenda nje. Ada ni ya hiari. Tikiti hutolewa na mashine bandarini, na mgeni anaweza kuipita mashine bila kuulizwa. Wengi huipita. Wengine hawaioni kwa sababu wanaikimbilia boti, na hapana shaka wapo wanaoiona. Kwa mtu aliyekwisha kulipia ndege, hoteli na boti, yen 300 ni kiasi kisichofika bei ya bakuli la tambi, na ndiyo fedha pekee katika safari yake inayokwenda moja kwa moja kwenye udongo anaoukanyaga.

Bahari na mchanga wa nyota

Fukwe za Taketomi hazifanani, na kutozitofautisha kunaweza kuleta hatari. Ufuo unaofaa kuogelea ni mmoja tu, Kondoi, ulioko magharibi. Hapo mchanga ni mweupe na laini, maji ni mangavu, na kina ni kidogo kiasi kwamba mtoto anaweza kutembea mbali akiwa na maji magotini. Bahari inapokupwa, fungu la mchanga huinuka katikati ya maji na watu hulivukia kwa miguu. Hapo ndipo mtu wa pwani atajua la kufanya kuliko mtalii wa mjini: kuangalia majira ya kupwa na kujaa kabla ya kuondoka nyumbani. Bamvua ya kupwa humwacha mwogeleaji bila maji ya kuogelea, na maji yakianza kujaa fungu humezwa upesi. Kuna vyoo na mahali pa kujimwagia maji, lakini kivuli ni haba na jua la Julai ni kali.

Kusini kidogo ya Kondoi kuna Kaiji, ufuo mdogo wenye miti inayoinamia maji na paka kadhaa waliozoea wageni. Huko hakuogelewi kwa sababu ya mkondo. Watu huenda kuinama. Hubandika kiganja juu ya mchanga, hukiinua, na kuchunguza chembe zilizogandamana nacho mpaka waone moja yenye pembe tano au sita, ndogo kuliko kichwa cha pini. Huo ndio mchanga wa nyota. Kwa hakika si mchanga, bali ni magamba ya viumbe wa baharini wenye chembehai moja tu, wanaoishi wakiwa wameng’ang’ania mwani na majani ya bahari. Wakifa, magamba yao husukumwa na mawimbi hadi ufuoni.

Kisiwani husimuliwa asili nyingine. Nyota mbili, moja ya kaskazini na moja ya kusini, zilipata watoto, na mama akashuka kuwazalia katika bahari ya kusini ya Taketomi kwa kuwa maji yake yalikuwa ya uvuguvugu. Mungu wa bahari alikasirika kwa kutoombwa ruhusa, akamtuma joka kubwa likawameza watoto. Mifupa yao ilielea hadi ufuoni. Mwanamke mtunza ibada aliiokota na kuitia katika chetezo cha mahali patakatifu, ili moshi wa ubani uwapandishe tena mbinguni kwa mama yao. Si ajabu kwamba hadithi hii ilizaliwa hapa: Yaeyama ni katika sehemu chache za Japani ambako nyota za Msalaba wa Kusini huonekana, chini kabisa karibu na upeo wa bahari, kati ya Desemba na Juni. Mwaka 2018 hifadhi ya taifa ya Iriomote-Ishigaki, ambayo Taketomi imo ndani yake, ilikuwa ya kwanza nchini kutambuliwa kimataifa kwa giza la anga lake. Wageni huombwa kuitazama mchanga wa nyota na kuuacha mahali pake. Chupa ndogo zake huuzwa madukani kwa anayetaka kumbukumbu.

Wanaopenda kupiga mbizi kwa miwani na mrija hupelekwa kwa boti hadi kwenye miamba iliyo kati ya Ishigaki na Iriomote, eneo kubwa kuliko yote ya matumbawe nchini Japani. Asiyetaka kulowa anaweza kupanda boti yenye sakafu ya kioo. Anachokiona chini si kile walichokiona wageni wa miaka ya 1980. Mwaka 2016 bahari ilipata joto lisilo la kawaida, na uchunguzi wa Wizara ya Mazingira ya Japani mwishoni mwa mwaka huo ulionyesha kwamba karibu asilimia 70 ya matumbawe ya eneo hilo yalikuwa yamekufa. Joto la mwaka huohuo liliyachoma pia matumbawe ya magharibi mwa Bahari ya Hindi, yakiwamo ya pwani ya Afrika Mashariki. Palipopona panapendeza bado: samaki wa rangi zote, na hapa na pale kasa. Anayeogelea huombwa asikanyage matumbawe, na ni bora kuvaa fulana ya mikono mirefu kuliko kujipaka mafuta ya kukinga jua, ambayo hubaki majini.

Jambo moja linastahili kusemwa wazi kwa wazazi. Kati ya Juni na Oktoba huwapo konyeza wa aina ya habu-kurage, mwenye mikia mirefu isiyoonekana vizuri majini, na sumu yake imewahi kuua watoto huko Okinawa. Aliyeumwa hutolewa majini, humiminiwa siki kwa wingi bila kusuguliwa, kisha mikia iliyoganda huondolewa na mgonjwa hupelekwa kwa mganga. Chupa ya siki haigharimu kitu. Taketomi ina zahanati lakini haina hospitali. Hospitali iko Ishigaki, ng’ambo ya maji.

Mahali pa kutoingia

Mtu akiona kichaka cha miti mirefu chenye lango dogo la mawe, asimame nje. Huo ni utaki, mahali pa ibada ya kisiwa, ambapo hakuna sanamu wala jengo kubwa, bali miti, mchanga na ukimya. Anayezijua kaya za Wamijikenda hatahitaji maelezo marefu. Kwa kawaida ibada huongozwa na wanawake, na hata mwenyeji haingii bila sababu.

Ni mbele ya utaki mmojawapo ambapo hufanyika Tanadui, sikukuu ya kupanda mbegu, inayoangukia Oktoba, Novemba au Desemba kwa kufuata kalenda ya zamani. Inasemekana ina umri wa miaka 600 hivi, na mwaka 1977 ilitambuliwa na serikali kuwa turathi muhimu ya sanaa za jadi. Kati ya siku zake tisa au kumi, mbili hutolewa kwa ngoma, michezo ya kuigiza na vichekesho, zaidi ya sabini, kuanzia asubuhi hadi jioni. Usiku watu huenda nyumba kwa nyumba wakiimba kuombea mavuno, ingawa mashamba ya nafaka yamebaki machache sana. Kisiwa hakina sekondari ya juu. Kila kijana huondoka akiwa na miaka 15 kwenda kusoma Ishigaki au mbali zaidi, na wengi hawarudi kuishi. Tanadui huwarudisha. Hutoka Naha, hutoka Tokyo, wakiwa wamefanya mazoezi ya ngoma zao huko mjini. Ni wakati huo pia ambapo lugha ya kisiwa, ambayo ni tawi la Kiyaeyama, husikika jukwaani kutoka vinywani mwa watoto. UNESCO iliiweka lugha ya Kiyaeyama mwaka 2009 miongoni mwa lugha zilizo katika hatari kubwa ya kutoweka. Mgeni anayetaka kusema asante kwa namna ya huko anaweza kujaribu “nifai-yu”, na ataona sura ya mzee ikibadilika.

Kwa anayepanga kwenda

Raia wa nchi za Afrika Mashariki huhitaji viza ya Japani, na wenye pasipoti za Ulaya au Marekani kwa kawaida hawaihitaji kwa matembezi mafupi. Kisiwani ni vyema kuwa na fedha taslimu. Baiskeli hukodishwa kijijini, na wenye maduka huwachukua wageni kutoka gatini; ila juu ya mchanga mzito tairi huzama, na wanaotembea kwa miguu mara nyingi hufika mapema. Chakula cha mchana cha kawaida ni tambi za Yaeyama, na Mwislamu ajue kwamba mchuzi wake na vipande vilivyo juu yake kwa kawaida ni vya nguruwe, hata kama jina la chakula halisemi hivyo. Kamba wanaofugwa kisiwani ni wazuri mno. Sata andagi, donge la unga na sukari lililokaangwa kwenye mafuta, halitamshangaza mtu yeyote aliyewahi kula kalimati.

Masika ya huko ni Mei na Juni. Vimbunga huja zaidi kati ya Julai na Oktoba, na vikikaribia boti husimama, wakati mwingine kwa siku mbili au tatu. Anayeunganisha ndege ya kimataifa aache nafasi katika ratiba yake. Aprili na mwisho wa Oktoba ni nyakati tulivu zaidi.

Idadi kubwa ya wageni hukaa saa tatu au nne na kurudi Ishigaki. Boti ya mwisho huondoka jioni, na katika majira ya joto jua huwa bado liko juu. Wanaolala kisiwani, katika nyumba za wageni zinazoendeshwa na familia, huwa wachache. Baada ya chakula wao hutembea hadi gati la zamani la magharibi, ambalo halitumiki tena na boti, na kuketi juu ya zege lenye joto wakitazama jua likizama upande wa Iriomote. Wenyeji nao hufika, wakiwa na watoto wao na mbwa, na kuketi kando yao. Anayerudi kijijini baada ya hapo abebe tochi na apite katikati ya njia, juu ya mchanga mweupe.